Mjomba, mpwa na slamu iliyopotea: nani amuulize nani?

Dada mmoja wa Mikumi, anayeuza chakula pembeni mwa barabara kuu ya kwenda Iringa, ameniandikia ujumbe mrefu niliousoma mara tatu. Mwanaye wa kiume amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Tangu mtihani uishe, kila Ijumaa anapanda gari kwenda Kilosa kwa mjomba wake, mstaafu wa reli, na huko wanacheza karata. Si karata za kijiweni. Ni briji, mchezo ambao mjomba alifundishwa na fundi mmoja mzee kazini, kisha akakaa miaka mingi bila wa kucheza naye. Kijana akaendelea kujifunza kwenye simu, na sasa amempita aliyemfundisha.

Majuma mawili yaliyopita walicheza na mwalimu mstaafu na mkewe. Katikati ya mchezo mjomba alichoka kuulizwa maswali, akakatisha, wakashindwa. Kijana akasema mbele ya wageni: "Mjomba, kazi yako ilikuwa kujibu tu." Mjomba akaweka karata mezani, akaingia ndani. Tangu siku hiyo hapokei simu ya mpwa wake.

Baba wa kijana, ambaye toka mwanzo alisema karata ni kamari, anataka pakiti ichomwe moto. Na mjomba huyo ndiye aliyeahidi godoro, sanduku na nauli ya kidato cha tano.

Dada anauliza mambo mawili: huu mchezo ni kamari? Na nani aombe radhi? Lakini ndani ya ujumbe kuna picha ya karatasi ya daftari, mwandiko wa kijana, yenye karata zote 26 za siku ile, zake na za mjomba. Chini ameandika: "Naomba utuambie mfumo upi ni bora." Nitaanza na baba, nipite kwa kijana, kisha nirudi kwa dada.

Baba, kamari ni kuweka fedha. Briji haihitaji hata shilingi. Kwenye mashindano hata bahati ya mgao hupunguzwa: karata zilezile ulizocheza wewe huhifadhiwa na kupelekwa meza nyingine, watu wengine wazicheze, halafu matokeo yalinganishwe. Ukipewa karata mbovu, mwenzako wa meza ya pili naye kapewa hizohizo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua Shirikisho la Dunia la Briji mwaka 1999, na hapa Afrika mchezo una wenyewe Misri, Afrika Kusini na jirani zetu Kenya. Kama imani ya nyumba yako inakataza karata za aina yoyote, hilo ni lako na siliingilii. Lakini kama hofu ni kamari, angalia zaidi ile simu ya kijana na mikeka ya mpira. Sheria yetu hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha, na mtaani tunawaona wa miaka 15 wakibeti mchana kweupe. Kijana anayekaa Jumamosi nzima na mjomba wake akihesabu ree na wafalme, mimi ningemwacha.

Sasa mchezo wenyewe, kwa wazazi ambao hawaujui. Watu wanne, wawili wawili, kila mmoja anakaa mkabala na mwenzake. Kila mtu karata 13. Anayetupa karata kubwa anakula mzunguko, na mizunguko ni 13. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila upande unanadi, yaani unaahidi utakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa nini, shupaza, kopa, uru, pau, au bila turufu. Ngazi 1 ni ahadi ya mizunguko 7, ngazi 3 ni mizunguko 9, ngazi 6 ni 12. Hiyo ngazi ya 6 huitwa slamu ndogo, na ngazi ya 7, mizunguko yote 13, ni slamu kuu. Ukiahidi slamu ukaipata, zawadi ni kubwa: pointi 500 au 750 za ziada kwa ndogo, 1,000 au 1,500 kwa kuu, kutegemea hali ya mchezo. Ukiila mizunguko 12 bila kuiahidi, zawadi hiyo huipati.

Ugumu ni kwamba huruhusiwi kumwambia mwenzako una nini. Mna maneno 38 tu: nadi 35 tofauti, kupita, kuongeza mara mbili na kuongeza tena. Kwa maneno hayo mnapaswa kuelezana mikono ambayo inaweza kuja kwa namna zaidi ya bilioni 635. Ndiyo maana watu wametunga mifumo.

Kwenye vijiwe vyetu tatizo hili hutatuliwa kwa kukonyezana. Jicho moja maana yake ree, kukuna sikio maana yake turufu. Kwenye briji huo ni wizi. Mwaka 1975, kwenye mashindano ya dunia kule Bermuda, wachezaji wawili wa Italia walikutwa mmoja akimgusa mwenzake miguu chini ya meza. Wakakaripiwa, na meza zikawekewa kizuizi chini. Kila mnachokubaliana kinapaswa kuwa wazi kwa wapinzani. Nadi ikiwa na maana ya siri isiyo ya kawaida, mwenza wako lazima atoe taarifa, na mpinzani akiuliza maana yake anajibiwa ukweli. Nimelisema hili mapema kwa sababu dada aliandika kwamba mumewe anaona "wanapeana ishara". Ishara ndiyo, lakini za hadharani.

Haya, karata za siku ile. Kijana alikuwa na shupaza ree, mfalme, 7 na 4. Kopa ree, malkia na 5. Uru mfalme, jeki, 6 na 3. Pau 9 na 4. Mjomba alikuwa na shupaza malkia, 6 na 2. Kopa mfalme, 7, 3 na 2. Uru ree, malkia, 9, 7 na 4. Pau moja tu, 6.

Wachezaji huhesabu ree 4, mfalme 3, malkia 2, jeki 1. Pakiti nzima ni 40. Kijana ana 17, mjomba 11, jumla 28. Wanaokariri watakwambia slamu inataka 33, na kwa mikono iliyosawazika hiyo ni kanuni nzuri. Hapa inapotosha. Zile 12 zilizobaki kwa wapinzani, 10 ni ree, mfalme, malkia na jeki wa pau, na mjomba ana pau moja. Turufu ikiwa uru, ukuu wote huo unakula mzunguko mmoja tu. Hesabu mwenyewe: shupaza tatu, kopa tatu, uru tano za mjomba, na ile kopa yake ya nne inakatwa kwa turufu ya kijana. Kumi na mbili. Slamu.

Mjomba alinadi 3 bila turufu. Bila turufu, pau hazina wa kuzizuia. Wapinzani walikuwa na pau 10, tano kila mmoja. Mke wa mwalimu akaanza na pau, wakala mizunguko mitano mfululizo, na ahadi ya 9 ikafa ikiwa na 8. Karata zilezile: slamu ingesimama na ahadi ndogo ya ngazi 3 imeanguka. Naelewa kwa nini kijana alichemka.

Tulinganishe sasa. Mfumo wa mjomba ni ule wa kawaida, ambao ukitaja kopa maana yake una kopa. Hauna mzigo kichwani, na wapinzani wakiingilia mnada bado mnaelewana. Kwa mfumo huo kijana angefungua 1 bila turufu, nadi ambayo wengi huipa maana ya pointi 15 hadi 17 na mkono uliosawazika. Mjomba angeona 11 zake, angejumlisha, angesema 3 bila turufu. Wangeanguka vilevile, ila hakuna ambaye angelaumiwa. Ule mfumo hauna mahali pazuri pa mjomba kusema "nina pau moja" kabla hawajafika juu mno.

Wa pili ni ukoo wa pau kali. Harold Vanderbilt, Mmarekani aliyeunda kanuni za briji ya leo akiwa safarini melini mwaka 1925, ndiye pia aliyependekeza mapema kwamba nadi ya 1 pau iachwe isimaanishe pau kabisa. Imaanishe tu "nina mkono mzito". Wazo likalala. Likaamshwa na Waitalia, ambao timu yao ya Buluu ilishinda mashindano 10 mfululizo ya Bermuda Bowl kati ya 1957 na 1969 ikitumia mifumo ya namna hiyo. Kisha C. C. Wei, tajiri wa meli mzaliwa wa China aliyeishi Marekani, akatunga Precision, na Taiwan wakiutumia wakafika fainali ya dunia 1969 na tena 1970, nchi ambayo hakuna aliyeihesabu.

Kwenye Precision, 1 pau ni pointi 16 au zaidi. Mwenza akiwa dhaifu, chini ya 8, anajibu 1 uru. Akiwa nazo anataja rangi yake ndefu. Faida ambayo watu husahau ni upande wa pili: ukifungua kitu kingine chochote, mwenzako anajua huna zaidi ya 15, kwa hiyo anajua mapema wapi pa kusimama. Kwa mkono wetu: 1 pau, mjomba anajibu 2 uru, kijana anapandisha 3 uru kuonyesha wamekubaliana, mjomba ananadi 4 pau kumaanisha "hapa nina karata moja au sina". Kijana akiangalia pau zake mbili mbovu anacheka peke yake. Wanafika 6 uru, na wote wawili wamesema.

Waitalia wa timu ya Buluu walikwenda njia nyingine. Ree walihesabu vidhibiti 2, mfalme 1, pakiti nzima 12, na jibu la kwanza kabisa kwa 1 pau lilieleza mwenza ana vidhibiti vingapi. Mjomba ana 3, ree ya uru na mfalme wa kopa, basi anajibu 1 shupaza. Kijana ana 6. Sita na tatu tisa. Na kwa kuwa wafalme wa shupaza na uru anao yeye, na ree ya shupaza na kopa pia, anajua mara moja kuwa nje kuna ree moja na mfalme mmoja, si zaidi. Mnada bado uko ngazi ya 1! Napenda sana njia hii. Kasoro yake ni kwamba anajua idadi na bado hajui umbo, na mkono huu siri yake ni umbo.

Sasa rilei, aliyoitaka kijana. Hapa mwenye mkono mzito, baada ya 1 pau, hasemi tena chochote kuhusu karata zake. Ananadi tu hatua ya chini inayofuata, ambayo maana yake ni "endelea". Mwenza anajibu kwa ngazi zilizopangwa: kwanza umbo kamili, kwamba nina shupaza 3, kopa 4, uru 5, pau 1, kisha vidhibiti vingapi, kisha viko rangi ipi. Mara nyingi umbo lote linajulikana kabla ya kupita ngazi ya 3. Ipo Symmetric iliyoanzia New Zealand, ipo Moscito ya Australia inayohusishwa na Paul Marston, ambayo pau yake kali huanzia 15. Zikifanya kazi, muulizaji anaona karata za mwenzake kama zimewekwa mezani. Na wapinzani wanajifunza yote kuhusu anayejibu, lakini kuhusu anayeuliza hawajui kitu.

Kwa slamu, zikiwa zimeachwa zifanye kazi kwa utulivu, hakuna kinachozifikia. Hilo nampa kijana. Lakini aandike na haya. Kwanza, wapinzani hawana wajibu wa kukuacha utulie. Mwalimu yule angeruka 3 shupaza juu ya 1 pau yako, ngazi zako zote zingezikwa na ungebaki unakisia kama mtu mwingine yeyote. Pili, kumbukumbu. Ukisahau hatua moja, kila jibu linalofuata ni uongo, na mtaahidi mizunguko 12 mkala 8. Tatu, mkono wa pointi 16 na kuendelea huja takriban mara 1 kwa 10. Slamu ni adimu zaidi. Unamkaririsha mzee kurasa 20 kwa ajili ya karata mbili tatu za usiku mzima.

Na la nne si la karata. Wewe ni mpwa na yeye ni mjomba. Upande wa Kilosa, kwa Wakaguru, Wasagara na majirani zao Waluguru, ukoo unafuata mama, na mjomba si ndugu wa kusalimiwa njiani. Ndiye anayekaa kwenye vikao vyako. Umemkalisha mtu huyo mbele ya wageni, unauliza na yeye anajibu, unauliza na yeye anajibu, halafu uamuzi wa mwisho unautoa wewe. Mfumo hauna ubaya. Lakini mtu mzima anaweza kuushiba kwenye swali la tatu, na ndivyo ilivyokuwa.

Ningependa mjomba mwenyewe aulizwe kazi ya reli ilikuwaje. Njia ya reli moja, treni mbili haziwezi kukutana katikati. Kabla treni haijatoka stesheni, anayeitoa anauliza stesheni ya mbele kama njia iko wazi, na wa mbele anajibu kwa utaratibu uliowekwa, bila nyongeza. Hakuna aliyeuliza nani mkubwa kwa umri au kwa cheo. Mwenye treni ndiye anayeuliza. Leo treni ya umeme inapita Kilosa kwa kasi nyingine, lakini mzee wa reli ya zamani hatahitaji somo la New Zealand kuelewa rilei. Kwenye karata, mwenye mkono mzito ndiye mwenye treni. Usiku huohuo, kwa hesabu ileile ya 1 kwa 10, mjomba naye angeipata treni mara sawa na mpwa wake, na mpwa angejibu tu. Nina shaka kijana alimweleza hivyo.

Basi dada, kuhusu radhi. Aanze kijana, na aende mwenyewe, si kwa simu. Apande gari hadi Kilosa, aamkie, akae, na aombe radhi kwa sentensi moja tu: ile aliyoisema mbele ya mwalimu na mkewe. Asiombe radhi kwa kuuliza, maana kuuliza walikubaliana. Asibebe ile karatasi ya daftari siku hiyo. Ukiomba radhi huku una ushahidi mfukoni, unaendeleza kesi. Na kwa kuwa maneno yalitoka mbele ya wageni, mwalimu na mkewe nao wajue kuwa kijana alikuja. Mjomba mwenyewe ataamua awaambie vipi.

Mjomba naye ana lake, na wewe kama dada yake unaweza kumwambia kwa namna ambayo mwanao hawezi. Alikubali mfumo, kisha akauacha katikati bila kumwambia mwenzake. Mezani hilo ni sawa na stesheni ya mbele kukaa kimya wakati treni inasubiri. Mwambie taratibu, ikiwezekana mkiwa wawili jikoni.

Suala la godoro na nauli usiliingize kabisa kwenye mazungumzo haya. Mtoto akienda kuomba radhi huku mjomba anajua anafuata sanduku, radhi inakuwa bei.

Kwa kijana, mfumo ninaowapa ni Precision: 1 pau kwa 16 na kuendelea, 1 uru kwa mkono dhaifu, na baada ya hapo kila mmoja ataje rangi yake kwa kawaida. Ongezeni kitu kimoja tu, ile nadi ya kuonyesha karata moja, kwa sababu ndiyo iliyowakosesha slamu. Rilei iwekeni kwenye mlango mmoja: pale mwenza akijibu kwa 8 au zaidi na wapinzani wakiwa wamenyamaza. Ukurasa mmoja wa daftari, mwandiko wa mjomba, na akichoka ana neno lake: mkubaliane kwamba 3 bila turufu ndani ya maswali maana yake "nimeishia hapa, amua". Siku ile wangekuwa nalo, kijana angejua mzee hajaamua kucheza bila turufu, ameomba tu kupumzika, na angeendelea hadi 6 uru.

Baba naye akalishwe mara moja kama mtu wa nne, mwalimu akiwa hayupo. Apewe upande wa wapinzani na aruhusiwe kuuliza maana ya kila nadi.

Ujumbe wa dada una swali jingine kuhusu kijana kukaa Mikumi au Kilosa wakati wa kusubiri matokeo. Hilo nitalijibu Jumapili ijayo.